Majasusi halisi hawaonekani: Waliojenga GoldenEye na funzo kwa vijana wa Machakos

FILAMU ikifika mwisho, Wakenya huinuka. Majina meupe yanaanza kupanda kwenye skrini nyeusi, na tayari mmoja anatafuta viatu, mwingine anauliza nani amekalia simu yake. Kwenye vibanda vya PlayStation mjini Machakos mambo ni yale yale. Gemu ikiisha, aliyeshika padi anabonyeza kitufe kuruka majina ili raundi nyingine ianze kabla pesa alizolipa hazijakwisha.

Majina hayo ndiyo habari yetu leo. Karibu kila jina linalopanda pale ni la mtu aliyekuwa kazini. Ukihesabu, waigizaji unaowatambua kwa sura hawafiki ishirini. Waliobaki, mara nyingi mamia, ni maseremala, mafundi wa umeme, washonaji, madereva, wapishi, wachoraji, wahasibu na watu wa kompyuta. Kwa kijana anayesema "nataka kuingia kwa muvi", hiyo ni hesabu ya kufikiria sana, kwa sababu foleni ndefu iko kwenye mlango wa waigizaji ilhali kazi nyingi ziko kwenye milango mingine.

Tuchukue mfano mmoja unaobeba filamu na gemu kwa pamoja: GoldenEye. Filamu hiyo ya jasusi James Bond ilitoka Novemba 1995. Gemu yake, GoldenEye 007, ikatoka Agosti 1997 kwa mashine ya Nintendo 64. Kama ulizaliwa baadaye, usijali. Gemu hiyo ilirudishwa Januari 2023 kwenye Xbox na Nintendo Switch, miaka zaidi ya 25 baada ya kutolewa mara ya kwanza. Kitu hakidumu hivyo kwa bahati. Kuna watu waliokijenga.

Aliyeruka si Bond

Filamu inaanza na mtu anayekimbia juu ya ukingo wa bwawa kubwa, anafunga kamba ya mpira miguuni, kisha anajirusha kichwa chini. Hadithi inasema tuko Urusi na anayeruka ni Bond.

Ukweli ni kwamba bwawa hilo liko bonde la Verzasca, Uswisi, na ukuta wake una urefu wa mita 220. Simamisha jumba la KICC juu ya KICC jingine, ndipo ukaribie kimo hicho. Aliyeruka anaitwa Wayne Michaels, mtu ambaye riziki yake ni kuanguka, kugongwa na kuruka badala ya mwigizaji. Sura iliyobandikwa kwenye mabango ilikuwa ya Pierce Brosnan. Mwili uliokwenda chini ulikuwa wa Michaels.

Si dhambi. Ndivyo filamu zinavyotengenezwa, na Brosnan naye alikuwa na kazi yake ya kufanya. Lakini ukimuuliza mtu yeyote mtaani ni nani aliruka bwawa lile, jibu utakalopata unalijua.

Twende mbele. Waandalizi walipotaka kuanza kazi, studio za Pinewood walizozoea hazikuwa na nafasi. Wakachukua kiwanda kilichoachwa cha injini za ndege za Rolls-Royce pale Leavesden, nje ya London, wakakigeuza studio. Mle ndani na uwanjani, kikosi cha msanifu wa mandhari Peter Lamont kikajenga mitaa ya mji wa St Petersburg ili kifaru cha vita kiweze kuparamia kuta bila kubomoa mji halisi wa watu. Sehemu kubwa ya ile mbio ya kifaru unayodhani ni Urusi ni mbao, plasta na rangi. Kazi ya fundi seremala. Leavesden baadaye ikawa makao ya filamu za Harry Potter, na mpaka leo ni studio kubwa. Gofu la kiwanda limekuwa ofisi ya maelfu.

Suti za Bond zilisimamiwa na Lindy Hemming, mbunifu wa mavazi ambaye miaka michache baadaye alishinda Oscar kwa filamu nyingine, Topsy-Turvy. Wimbo wa mwanzo aliuimba Tina Turner, lakini walioutunga ni Bono na The Edge wa kundi la U2.

Halafu kuna Derek Meddings. Huyu alikuwa bingwa wa kutengeneza vitu vidogo vinavyoonekana vikubwa. Unakumbuka lile sinia kubwa la mawasiliano linaloibuka kutoka ziwani, maji yakimwagika pembeni? Ni mfano mdogo uliojengwa kwa mikono na kupigwa picha kwa ujanja hadi jicho likakubali. Meddings alifanya kazi hiyo akiwa mgonjwa, akafariki Septemba 1995, miezi miwili kabla ya watu kuiona filamu. Wenzake waliandika mwishoni kwamba filamu imetolewa kwa kumbukumbu yake.

Aliyeinuka mapema hakuisoma.

Kumi waliokuwa wageni

Kama upande wa filamu ulikuwa na mabingwa wenye mvi, upande wa gemu ulikuwa kinyume kabisa.

Kazi ilipewa kampuni ya Rare, iliyokuwa Twycross, kijijini katikati ya Uingereza, kwenye majengo ya shamba. Kiongozi alikuwa kijana aitwaye Martin Hollis. Timu nzima ilikuwa ya watu kama kumi hivi, na Hollis mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba wanane kati yao hawakuwa wamewahi kutengeneza gemu. Ndiyo, umesoma vizuri. Gemu iliyokuja kuuza zaidi ya nakala milioni 8 ilijengwa na watu ambao wengi wao walikuwa kwenye kazi ya kwanza ya aina hiyo.

David Doak, kwa mfano, alikuwa mwanasayansi wa baiokemia kutoka Oxford. Aliingia Rare kutunza kompyuta za ofisi. Yaani ule ugavana wa kuchomeka nyaya na kufufua mashine zilizokwama. Kutoka hapo akavutwa kwenye timu, akaandika sehemu ya hadithi na misheni. Ukifika kwenye ngazi ya pili ya gemu utakutana na mwanasayansi anayeitwa Dkt Doak. Ni yeye. Hata sura za walinzi unaowapiga risasi zilitokana na picha za wafanyakazi wa hapo hapo ofisini.

Karl Hilton alijenga majengo. B. Jones alichora watu. Hawakubuni tu kutoka kichwani. Timu ilikwenda Leavesden filamu ikiwa bado inapigwa, ikabeba picha za kuta, milango, mavazi na vifaa, na michoro ya mafundi. Ndiyo maana ukicheza unahisi umewahi kupita pale. Na kwa kuwa walijenga majengo kwanza na kupanga baadaye mchezaji aanzie wapi na atokee wapi, kuna vyumba visivyo na faida yoyote kwa misheni. Chumba kipo kwa sababu jengo halisi lingekuwa nacho. Wachezaji waliona ni kama mahali pa kweli, wasijue kwa nini.

Mark Edmonds aliandika ule moyo wa programu unaoendesha kila kitu. Muziki ulifanywa na Graeme Norgate na Grant Kirkhope, huku Robin Beanland akichangia kipande. Duncan Botwood alishughulikia ngazi za mchezo na mambo mengine lukuki ambayo mtu wa timu ndogo hushughulikia.

Na ile sehemu iliyofanya watu wakeshe, watu wanne kwenye televisheni moja, kila mmoja na kipande chake cha skrini? Iliongezwa dakika za majeruhi. Steve Ellis, mwandishi wa programu, ndiye aliyeifanya iwezekane mwaka 1997, miezi michache tu kabla ya gemu kutoka, na wakubwa hawakuwa wameiagiza. Leo ukimtaja GoldenEye kwa mtu aliyekua miaka ile, jambo la kwanza atakalokumbuka ni hilo hilo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Mnamo 1998 gemu hiyo ilituzwa na BAFTA. Muda mfupi baadaye, Doak, Ellis, Hilton na wenzao waliondoka Rare wakaanzisha kampuni yao, Free Radical Design, mwaka 1999. Majina yao yalikuwa yameandikwa. Kila mtu kwenye sekta alijua nani alifanya nini, na hiyo ndiyo barua yao ya mapendekezo waliyobeba mlangoni.

Barua iliyotoka Japani

Kuna kisa kimoja kinachohusu majina yenyewe. Gemu ikikaribia kukamilika, Shigeru Miyamoto wa Nintendo, yule baba wa Mario, alituma faksi yenye maoni. Aliona kuna mauaji mengi ya karibu mno. Akapendekeza kwamba mwishoni mchezaji akawatembelee maadui hospitalini na kuwapa mkono mmoja mmoja.

Unacheka? Hata Hollis alipolisimulia jambo hilo mwaka 2015 hakuficha kwamba lilikuwa zito kulimeza. Hospitali haikujengwa. Walichofanya ni kuweka mwishoni orodha inayowatambulisha wahusika kama waigizaji wa filamu, ili mchezaji ajue kwamba haya yote ni maigizo na kwamba waliokufa hawakufa. Orodha ya majina ikafanya kazi ya kupoza damu. Ilimwambia mtu: tulia, kuna binadamu nyuma ya hiki kitu.

Uganda iliyoko Uingereza

Sasa tusogee nyumbani. Filamu nyingine ya Bond, Casino Royale ya 2006, ina kambi ya waasi msituni ambayo maandishi kwenye skrini yanasema ni Mbale, Uganda. Wanaoijua Mbale walikaza macho. Tukio hilo lilipigwa Black Park, msitu ulio jirani na studio za Pinewood, Uingereza. Aliyeezeka vile vibanda, aliyepika chai ya asubuhi, aliyeendesha lori la taa, wote walilipwa kwa pauni huko huko.

Nairobi nayo haikupona. Eye in the Sky, filamu ya 2015 kuhusu majasusi na ndege zisizo na rubani, hadithi yake iko Eastleigh. Ilipigwa Afrika Kusini, nchi ambayo serikali yake hurudishia kampuni za filamu za kigeni sehemu ya pesa wanazotumia huko. Eastleigh yetu ikajengwa na mafundi wa wenyewe.

Ukitaka upande wa pili wa shilingi, itazame The Constant Gardener ya 2005, iliyotokana na riwaya ya John le Carré, mwandishi aliyewahi kuwa jasusi kweli. Hiyo ilikuja Kenya hasa, ikapigwa Kibera na hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Wakenya wakapata kazi, na waandalizi wakaacha wakfu wa kusaidia jamii za sehemu hizo.

Tofauti kati ya filamu hizo haikuamuliwa na mwigizaji. Iliamuliwa na kodi, vibali, na swali moja ambalo meneja wa filamu huuliza kabla ya kununua tiketi ya ndege: je, huko kuna watu wanaojua kazi?

Na Machakos je?

Kaunti hii imewahi kuota ndoto hiyo waziwazi. Alfred Mutua, gavana wake wa kwanza kuanzia 2013, alikuwa mtu wa televisheni kabla ya siasa. Ndiye mtunzi wa Cobra Squad, ule mfululizo wa kikosi maalum cha kupambana na wahalifu. Alipoingia ofisini akaleta Machawood, wazo la kuifanya Machakos kitovu cha filamu. Jina likavuma na vijana wengi wakajitokeza kutafuta nafasi. Karibu kila mmoja alitaka kuonekana.

Mandhari tunayo. Milima ya Iveti iko hapo juu ya mji. Kuna bwawa la Maruba, ingawa hatumshauri mtu aruke. Kuna Kituluni, ambako wageni humwaga maji barabarani ili wayaone yakipanda kilima, mahali ambapo jicho linadanganywa bure bila hata kompyuta. Lugha tunayo pia: Country Queen, mfululizo wa Kenya ulioingia Netflix mwaka 2022, ulitumia Kikamba kwenye mazungumzo yake na dunia ikasoma maandishi ya chini.

Upande wa gemu nako kumeshaanza kulimwa. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu ya wanajeshi wanaoutetea mji wa Nairobi dhidi ya viumbe kutoka anga za mbali. Programu za kujifunzia hazigharimu kitu: Blender ya kuunda vitu vya pande tatu ni ya bure, Godot ya kujengea gemu ni ya bure, DaVinci Resolve ya kuhariri filamu ina toleo la bure. Kinachogharimu ni mashine, stima, bando na miezi ya kukaa kimya ukikosea.

Kwa hivyo kijana wa Mumbuni au Katoloni anayejua kuchomelea vyuma, kushona, kurekodi sauti, kupanga hesabu au kuendesha lori ana mlango. Kwenye filamu kuna mtu ambaye kazi yake ni kukumbuka kama shati la mwigizaji lilikuwa na kifungo wazi jana. Kuna anayetengeneza sauti ya hatua kwa kupondaponda kokoto. Kuna anayetafuta mahali pa kupigia picha, akaomba ruhusa kwa wazee na kujua mvua inanyesha lini. Hizo ni kazi za mtu anayeijua Machakos, na mgeni hawezi kuzifanya vizuri kumshinda mwenyeji.

Mzazi naye asikimbilie kusema "wacha michezo, tafuta kazi". Amuulize mtoto swali gumu zaidi: kwenye hiyo filamu, wewe ni fundi wa nini?

Jina ndilo mshahara wa pili

Hapa ndipo penye uchungu. Kwenye sekta yetu kuna msemo ambao karibu kila chipukizi ameshausikia: "Bajeti ni ndogo, lakini utapata jina." Unabeba taa siku nne, unalala kwenye gari, unakula chapati moja na chai. Filamu inatoka, unaita majirani waje waone. Mnasubiri hadi mwisho. Jina halipo.

Wanakuahidi jina, kisha jina lenyewe hawaliandiki.

Ukamba unaijua hali hii kuliko sehemu nyingi. Pale Wamunyu, eneo la Mwala, uchongaji wa vinyago ulianza na Mutisya Munge, aliyekutana na ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia akarudi nao nyumbani. Kwa miaka zaidi ya mia, twiga, viboko na wazee wa mti kutoka mikono ya Wakamba wamevuka bahari hadi sebule za Ulaya na Marekani. Mnunuzi anajua ni "kinyago cha Afrika". Ni nadra kujua kilichongwa na nani. Mchongaji alilipwa mara moja, na kwa kuwa jina lake halikwenda na kazi yake, hakuna aliyerudi kumtafuta yeye hasa.

Linganisha na wale wa Twycross. Walikuwa wageni kwenye kazi, wachache, na hakuna mtu barabarani aliyezijua sura zao. Lakini miaka 30 hivi baadaye bado tunaweza kuwataja na kusema nani alijenga kuta na nani alipiga muziki, hata sisi tulio Machakos. Kilichowatofautisha na mchongaji wa Wamunyu si kipaji. Ni mistari michache ya maandishi.

Sheria ya Kenya iko upande wako kwa sehemu fulani, na ni vizuri ujue ni sehemu gani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ukiagizwa kazi na mtu, au ukiifanya ukiwa umeajiriwa, hakimiliki kwa kawaida huhamia kwa aliyekuagiza au mwajiri wako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Lakini haki ya mtunzi kutambuliwa kwamba kazi ni yake haihami pamoja na pesa. Kazi uliyotunga mwenyewe, kama muziki, mchoro au hadithi, unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kabla hujaitoa mkononi. Aliyebeba taa au kuendesha lori hana hakimiliki ya kudai, kwa hivyo ngao yake ni mkataba.

Kabla ya kubeba taa hata moja, basi, omba karatasi. Iwe na mambo manne tu: kazi yako ni ipi, siku ni ngapi, malipo ni kiasi gani na lini, na jina lako litaandikwaje mwishoni. Ukurasa mmoja unatosha. Kama hakuna printa, ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa "sawa" ni afadhali kuliko maneno ya mdomoni. Anayekasirika ukiomba hivyo amekujulisha mapema jinsi atakavyokulipa.

Na wewe unayetengeneza filamu yako ya kwanza kwa simu, ukiwa na marafiki watano na bodaboda moja, andika majina yote. Mwandike aliyekuazima jenereta. Mwandike mama aliyepika githeri ya kikosi. Mwandike mwenye boda. Haigharimu hata bob moja, na siku moja mmoja wao ataionyesha mahali anapoomba kazi.

Jasusi mzuri, wanasema, ni yule ambaye hakuna anayejua alikuwepo. Kwenye hadithi, hiyo ni sifa. Kwenye maisha ya fundi, ni hasara, na mwenye kuilipa ni yeye.